Zamu ya Nani? Somo juu ya Chanjo Isiyoenea Watu Wote



Katika namba iliyopita mulisoma habari ya usafi wa mabweni, na wengi walicheka juu ya mambo ya ndoo iliyopotea. Mara hii hatutachekesha sana. Mwalimu wa biolojia alituomba kuandika somo juu ya chanjo, kusudi madarasa ya tatu na ya nne walitumie katika saa ya mazungumzo ya Ijumaa. Tulipokaa kuandika, tuliona kwamba mambo ya mikrobu na ya kinga ya mwili mumekwisha kuyaandika katika kaye zenu, na kuyarudilia hapa ni kupoteza wino. Lakini iko jambo moja lisiloandikwa katika kaye: wakati dawa ni kidogo na watu ni wengi, nani atangulie? Na yule anayebaki nyuma, atajua namna gani kwamba hakuibiwa? Sisi makapita wa masomo haya tuko na sababu ya kuuliza hivyo. Mutaiona sasa hivi.

SIKU YA MULONGO MREFU

Munakumbuka trimesta ya pili, wakati mvua ilipozidi na kolera, ambayo wengine wanaiita kipindupindu, ikaingia katika kartie ya chini, kando ya mto. Watu wa kule wanateka maji ya mto na ya ziwa, kwa sababu robine hazifiki kwao. Siku ya Jumanne timu ya afya ikafika kwenye kituo kilicho karibu na masomo, na chanjo ndani ya masanduku ya barafu. Chanjo ya kolera si sindano. Ni kichupa kidogo cha plastiki chenye dawa mililita moja na nusu tu. Munganga anakata kichwa chake, unafungua kinywa, anakukamulia ndani, mambo yameisha. Hata waoga wa sindano, na tunawajua kwa majina, walifurahi.

Mkubwa wa timu alituambia asubuhi kwa sauti ya wazi: "Leo tuko na dozi mia tatu, hazizidi. Watangulie watu wa kartie ya chini. Nyuma yao wanafunzi wa internat, kwa sababu wanakula chungu kimoja na choo chao ni kimoja. Kama zikibaki, wengine." Sisi makapita sita tukapewa kazi ya kuchunga mulongo. Tulifunga kitambaa cha kijani mkononi. Tuseme kweli: tulijiona watu wakubwa.

Saa nne wakaja wenzetu wa mwaka wa sita, wale wa eksternat wanaokaa kartie ya juu. Kwao robine zinatoa maji, si kila siku, lakini zinatoa. Mmoja akatuita pembeni. "Kapita, unajua tuko na Eksameni ya Serikali. Tukigonjwa, mwaka umekufa. Bale bamama beko na wakati." Alikuwa rafiki. Mwaka mzima alitukopesha kaye yake ya kemia. Tukafungua mlango wa nyuma, ule wa chumba cha dawa, wakapita kumi na mmoja. Nyuma ya saa moja, mtu mwenye cheo (hatumtaji, wala musijaribu kubahatisha) akatuma watu wa nyumba yake, wanane, na kikaratasi. Tungemjibu nini? Kinywa cha kukataa tulikuwa tumekwisha kukiuza kwa kaye ya kemia. Wakapita na wao.

Saa tisa dawa ikaisha. Mulongoni walibaki watu kumi na wanne, wote wa kartie ya chini, karibu wote wamama waliochelewa kwa sababu asubuhi wanakuwa mashambani. Mmoja alikuwa na mtoto wa miaka miwili mgongoni na bidoni ya njano mkononi. Hakupiga kelele. Alitazama mlango wa chumba cha dawa, halafu akatutazama sisi, akasema neno moja tu: "Nilibaona." Akaenda zake.

Kumi na tisa walipita mlango wa nyuma. Kumi na wanne walikosa. Hesabu hii haihitaji mwalimu.

Timu ilirudi Jumamosi na dozi nyingine. Wale kumi na wanne tuliwatafuta nyumba kwa nyumba, tukawakuta, wote wakakunywa. Hakuna aliyekufa kati yao. Lakini toka Jumanne mpaka Jumamosi hatukujua kwamba itakuwa hivyo. Kolera inaweza kummaliza mtu kwa masaa machache kama hapati maji ya sukari na chumvi au serumu, na mtoto mdogo hukauka upesi kuliko mtu mzima. Usiku, tuliposikia kilio upande wa mto, sisi sita tuliinuka kitandani bila kuambiana.

Hatuandiki haya kwa kutafuta huruma. Bwana Prefe anayajua yote, na adhabu tulikwisha kuifanya. Munajua wenyewe nani alikata majani ya uwanja wote wa mpira. Tunaandika kwa sababu tulipouliza darasani mfano wa kugawanya vibaya, kila mtu alitaja serikali, wazungu na wakubwa wa Kinshasa. Hakuna aliyetaja mlango wa chumba cha dawa.

KWA NINI DAWA HAIENEI?

Dawa ikikosa, watu wengi wanafikiri kwamba mtu ameificha. Mara zingine ni kweli. Lakini mara nyingi upungufu unaanzia mbali sana na kituo chetu.

Toka mwaka 2013 iko akiba moja ya dunia kwa chanjo ya kolera. Nchi iliyoshikwa na ugonjwa inapeleka maombi, na kamati yenye watu wa OMS, wa UNICEF, wa shirikisho la Msalaba Mwekundu na wa Waganga wasio na Mipaka inakata shauri. Sasa sikieni hesabu. Katika mwaka 2023 dunia nzima ilitengeneza dozi milioni 36. Nchi 14 zilikuwa na haja ya dozi milioni 72. Ni nusu kamili. Tena kiwanda kimoja cha India kiliacha kazi hiyo karibu na mwisho wa mwaka ule ule, hata akiba ikabaki kutegemea kiwanda kimoja tu cha Korea ya Kusini. Katika mwezi wa nne 2024 OMS ilikubali chanjo ya namna mpya, rahisi zaidi kutengeneza, na dozi zikaanza kuongezeka. Lakini munaona: mama mwenye bidoni ya njano hakusimama katika mulongo wa kituo chetu tu. Alisimama katika mulongo wa nchi 14.

Kamati ilifanya nini? Zamani kila mtu alikunywa mara mbili, na majuma mawili au zaidi katikati, na kinga hiyo huhesabiwa kama miaka mitatu. Katika mwezi wa kumi 2022 wakakata shauri kwamba, ugonjwa unapozuka, kila mtu akunywe mara moja tu. Kinga ya dozi moja ni fupi, na kwa watoto wasiofika miaka mitano ni dhaifu. Lakini kwa akiba ile ile, watu mara mbili wanapata kitu.

Wengine kati yenu watasema: huo ni ubaya, ni kuwapa maskini nusu ya dawa. Tulibishana juu ya jambo hili mpaka taa zikazimwa. Fikirini bugali wa internat siku ile wageni arobaini walifika bila taarifa. Baba Mpishi angeweza kushibisha mabweni mawili na kuliacha la tatu na njaa. Alipunguza kila sahani. Tulinung'unika sana, lakini hakuna aliyelala bila kula. Basi kamati ilifanya kama Baba Mpishi. Tofauti ni moja, na ni kubwa: nusu ya bugali ni nusu ya chakula kila siku, lakini nusu ya dawa yaweza kuwa si kitu kabisa, kama wenye elimu hawakuipima kwanza. Huwezi kukaa nyumbani na kugawanya kidonge cha malaria kwa watoto watatu, useme umetenda haki. Umewadanganya wote watatu.

KINSHASA, MWAKA 2016

Mfano ulio bora ni wa hapa kwetu Kongo, na tunashangaa kwamba wanafunzi wengi hawaujui. Mwezi wa kumi na mbili 2015 homa ya manjano ilizuka Luanda katika Angola, ikavuka mpaka, ikaingia kwetu. Chanjo yake iko, ni nzuri, dozi moja inatosha maisha yote. Lakini akiba ya dunia kwa mambo ya ghafula ilikuwa dozi milioni 6 hivi, na Luanda peke yake ni mji wa mamilioni. Akiba ikaisha. Kinshasa ikabaki inangoja, na mbu hawangoji.

Ndipo wenye elimu wakasema: dozi kamili ni nusu ya mililita, tumekwisha kuona kwamba sehemu moja ya tano, yaani mililita 0.1, inaweza kuamsha kinga ya mwili. Katika mwezi wa sita 2016 OMS ikakubali njia hiyo kwa shida ile. Kuanzia tarehe 17 mwezi wa nane, kwa siku chache tu, watu zaidi ya milioni saba wa Kinshasa walichanjwa kwa sehemu ile ya tano. Baadaye waganga walipima damu ya watu ambao hawakuwa na kinga mbele ya chanjo, wakaona kwamba, nyuma ya mwezi mmoja, 98 kwa mia walikuwa nayo.

Angalieni mambo mawili katika habari hii, maana ndiyo yanayotufundisha. La kwanza, watoto wasiofika miaka miwili na wanawake wenye mimba walipewa dozi kamili. Kwa nini? Kwa sababu haikuwa hakika kwamba sehemu ya tano inawatosha hao. Wagawaji hawakusema "wote sawasawa" halafu wakafunga macho. Walipunguza pale walipokuwa na hakika, wakaacha kamili pale hakika ilipokosa.

La pili, watu waliambiwa wazi kwamba chanjo hiyo haitoshi kwa kupata ile karte ya njano ya kusafiri nchi za ngambo. Mtu wa kwenda Ulaya alipaswa kutafuta dozi kamili. Hapo mwenzetu mmoja aliuliza swali ambalo sisi hatukuweza kulimaliza: mwenye pesa ya ndege anapata kamili, muuza makala anapata ya tano, je, hiyo nayo ni haki? Tunaliacha kwenu. Sisi tuliona tu kwamba, kama ingefichwa, ingekuwa uwongo, na haikufichwa.

KUGAWANYA SAWASAWA SI KILA MARA KUGAWANYA VEMA

Sasa Ebola. Ugonjwa ule ulitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018 katika Mangina, karibu na Beni, ukatangazwa kwisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu 3,470 walishikwa, 2,287 wakafa. Chanjo ilikuwapo toka majuma ya kwanza, na zaidi ya watu 300,000 waliipata. Lakini hawakuchanja kila mtu wa Beni au wa Butembo. Walifuata njia ya duara. Mtu mmoja akionekana kuwa na ugonjwa, timu inaandika majina ya wote waliomgusa, waliokaa naye au waliomlaza. Halafu inaandika majina ya wale wanaokutana na hao. Makundi hayo mawili ndiyo yanachanjwa, pamoja na waganga na wauguzi. Ugonjwa unafungwa katikati kama moto wa majani unaozungushiwa njia iliyolimwa.

Kwa upande wa akili, njia hii ni nzuri sana. Dozi moja iliyowekwa mahali pa moto inafaa kuliko dozi mia zilizotupwa mbali nao. Lakini jiwekeni katika nafasi ya jirani. Wewe unakaa nyumba ya tatu. Gari linafika, watu wa nyumba ya kwanza na ya pili wanaitwa kwa majina, wanachanjwa, gari linaondoka. Hakuna aliyekuambia neno lolote. Utafikiri nini? Utafikiri kwamba wale wako na ndugu katika timu. Au utafikiri kwamba dawa ni mbaya na wamechaguliwa kufa. Mawazo yote mawili yalitembea sana katika Kivu wakati ule, na timu zilipigwa mawe. Tunafikiri, na Mwalimu wa historia anaweza kutusahihisha, kwamba mtu anaweza kuvumilia kuwa wa mwisho. Asichoweza kuvumilia ni kuwa wa mwisho bila kuelezwa.

Tena njia ile haikuwa bila kosa. Mwanzoni wanawake wenye mimba na wenye kunyonyesha waliachwa nje ya chanjo, kwa kuogopea watoto, hata kama walimgusa mgonjwa. Watu wengi walipinga, na katika mwaka 2019 wakakubaliwa. Kwa hiyo amri ya kugawanya si jiwe. Mtu anaweza kuipinga mchana, mbele ya wote, mpaka inageuzwa. Hiyo ni mbali sana na kuizunguka kwa mlango wa nyuma.

Jambo lingine, na hapa tutapita upesi. Siyo kila mara tatizo ni kukosa. Tarehe 2 mwezi wa tatu 2021 Kinshasa ilipokea dozi milioni 1.7 za chanjo ya Kovidi. Kwa sababu ya habari za damu kuganda zilizotoka Ulaya, kazi ilisimamishwa, ikaanza tarehe 19 mwezi wa nne, na watu waliogopa kuja. Dozi kama milioni 1.3 zilipelekwa kwa nchi zingine za Afrika kusudi zisiharibike. Mwaka ule watu wa nchi nyingi walilia chanjo, na zetu zilingoja mikono. Anayeeneza uvumi naye amegawanya dawa: ameiondoa kwa jirani yake.

CHUPA YA WATOTO KUMI

Wadada wanaosaidia mama zao kupeleka watoto kwenye kipimo wanaijua habari hii. Mama ametembea kilometa nane na mtoto wake kwa chanjo ya surua. Munganga anamwambia, "Mama, ngoja, au rudi siku ya chanjo." Mama anaona chupa ndani ya frigo. Anakasirika: dawa iko, mimi niko, mtoto iko, kwa nini unanifukuza?

Sababu ni hii. Chupa nyingi za surua ni za watoto kumi. Ikisha kuchanganywa na maji yake, inafaa masaa sita tu, halafu inamwagwa. Akiifungua kwa mtoto mmoja, anaweza kumwaga sehemu za watoto tisa. Kwa hiyo anangoja wafike wengi. Lakini mama huyo akirudi nyumbani asirudi tena, mtoto wake amebaki wazi, na surua si mchezo: katika ugonjwa uliozuka hapa Kongo mwaka 2019, zaidi ya watu 6,000 walikufa, wengi wao watoto, na hiyo ilizidi waliokufa kwa Ebola wakati ule. Basi munganga afanye nini? Sisi si waganga. Lakini tulimwona muuguzi mmoja ambaye, mbele ya kumwambia mama "rudi", alituma mtoto wa kartie kupiga filimbi kwenye avenue mbili, na kwa nusu saa watoto saba walikuwa hapo. Akafungua. Alimwaga sehemu mbili, na hakuna aliyemlaumu.

NAMNA YA KUSIMAMA KATIKA MULONGO

Jumamosi ile timu iliporudi, Mama Muuguzi wa kituo alitufundisha njia yake, na tunaitoa hapa kwa faida ya makapita watakaotufuata.

Kwanza anahesabu dozi zilizo katika sanduku mbele ya mashahidi wawili, mmoja wa masomo na mmoja wa kartie. Halafu anakata karatasi ndogo, namba 1 mpaka namba ya dozi ya mwisho, na anaandika juu ya ubao wa nje: LEO DOZI KADHA. Karatasi zinagawanywa asubuhi na mapema kwa majina yaliyoandikwa na wakubwa wa avenue, si mlangoni. Anayekosa karatasi anajua saa mbili asubuhi, hajui saa tisa nyuma ya kusimama kwenye jua siku nzima. Anaandikwa juu ya orodha ya siku inayofuata, na yeye ndiye atakuwa wa kwanza. Mama aliye shambani, namba yake inachungwa na jirani. Na ule mlango wa chumba cha dawa unafungwa na funguo inakaa katika mfuko wa Mama Muuguzi, hapana katika mfuko wa kapita.

Mutasema ni vitu vidogo. Ni vidogo kweli. Karatasi hizo zilitoka katika kaye ya zamani ya jiografia. Lakini Jumamosi hapakuwa na kusukumana hata kidogo, na sisi hatukuwa na kazi, isipokuwa kuwapa wazee viti. Kuhani wa masomo, aliyekuwa amesimama pale, alitukumbusha sura ya sita ya Matendo ya Mitume, pale wajane wa upande mmoja walipolalamika kwamba wanasahauliwa katika kugawanyiwa chakula kila siku. Mitume hawakuwaambia kunyamaza. Walichagua watu saba kwa kazi ile. Hata kanisa la kwanza lilikuwa na lazima ya kupanga mulongo wake.

SHAURI LA WENZETU WA MWAKA WA SITA

Tusiwaonee wale kumi na mmoja. Shauri lao linastahili kujibiwa, tena sisi wenyewe tuko wa mwaka wa sita, na tunaijua hofu ile ndani ya tumbo. Eksameni ya Serikali inakuja mara moja kwa mwaka. Baba ameuza mbuzi kwa malipo ya masomo. Ukilala hospitali juma lile, mwaka mzima umepotea. Hiyo si uwongo.

Lakini chanjo ya kolera inafaa kwa hatari ya kolera. Haipimi faida ya diplome. Kama tukianza kupima nani ana faida zaidi, mwenye cheo atasema faida yake inashinda ya mwanafunzi, tajiri atasema yake inashinda ya mwenye cheo, na mama wa bidoni ya njano atakuwa wa mwisho kila siku, yeye anayekunywa maji yale yenye ugonjwa. Wengine wanauliza: mbona basi waganga wanatangulia? Wao si wakubwa? Waganga hawatangulii kwa sababu ya ukubwa. Wanatangulia kwa sababu mikono yao iko katika ugonjwa kila saa, na wakianguka wao, nani atatushikia serumu? Mfagiaji wa chumba cha wagonjwa anatangulia pamoja nao. Mkubwa wa ofisi ya hospitali, ambaye haingii kwa wagonjwa, angoje.

Mmoja wetu sita bado anashikilia kwamba kosa lilikuwa la timu pia, kwa sababu haikutoa namba toka asubuhi. Tulimwachia nafasi hapa kwa sababu amesema kweli kidogo. Lakini timu haikufungua mlango. Mkono ulioufungua ulikuwa na kitambaa cha kijani.

Yule mama tunakutana naye kila Jumatatu kwenye njia ya soko. Mtoto wake anatembea sasa. Tunamsalimia, naye anaitikia salamu vizuri. Hatujapata bado neno la kumwambia zaidi ya jambo.

MASWALI YA IJUMAA

1. Ni saa kumi na moja, imebaki dozi moja. Mbele ya munganga wamesimama mama muuza samaki wa kartie ya chini asiye na namba, na mwanafunzi wa internat mwenye namba ya mwisho. Ampe nani? Na amwambie nini yule mwingine?

2. Katika Kinshasa, mwaka 2016, msafiri alitafuta dozi kamili na mkaaji akapewa ya tano. Nusu ya darasa waitetee njia hiyo, nusu waipinge. Halafu mugeuze pande.

3. Wewe ni kapita. Mtu mwenye cheo amekuletea kikaratasi: "Pitisha hawa wanane." Andika jibu lako, mistari mitatu, lenye heshima, ambalo unaweza kweli kumpa mkononi.

Majibu ya swali la tatu yapelekwe kwa katibu wa gazeti mbele ya Alhamisi. Tutachapa matatu tu, maana karatasi za stensili ni chache, na wa darasa la tatu watatangulia.